Kwa mnaopanga Nairobi: sisi tumestahimili, sasa mji nao ustahimili

Kwa Gavana, kwa MCA wetu, yaani mjumbe wetu wa bunge la kaunti, kwa mainjinia na watu wa mipango ya jiji, na pia nyinyi wa serikali kuu mnaoshughulikia mambo ya nyumba na mito.

Salamu zenu. Mimi ni fundi wa mabomba, naishi Mathare, karibu na Juja Road, na hii kazi nimeifanya miaka kumi na saba. Asubuhi naweza kuwa Kilimani nafunga pampu kwa fleti ya ghorofa kumi na mbili, jioni niko kwetu natafuta mpira wa maji umepasukia wapi kati ya mabati na mtaro, kwa hivyo hii Nairobi mimi naiona kutoka chini, kutoka kwa maji, na ndio maana nimeona niandike.

Kuna siku nilikuja kwa kile kikao cha kuchukua maoni ya wananchi. Afisa alisimama na projekta yake akasoma vizuri sana, Nairobi ya kesho itakuwa jiji endelevu na stahimilivu, hayo maneno mawili akayarudia kila baada ya dakika mbili, kila mara yakiandamana kama pacha. Sasa shosho mmoja, yaani bibi mzee, alikuwa amekaa mbele akainua mkono, akauliza, "Kijana wangu, hiyo kustahimili si ndiyo tunafanya miaka yote? Mnataka tustahimili zaidi ya hapo?" Watu wakacheka, afisa pia akacheka, kikao kikaendelea.

Hilo swali limekaa na mimi mpaka leo. Juu nimegundua shosho aliona kitu ambacho ile plani haikukiona, ya kwamba haya maneno mawili si pacha, na ukiyachanganya mtu fulani anaumia.

Nimesoma kidogo, nimeuliza waliosoma kunishinda, na hivi ndivyo nimeelewa. Uendelevu, vile dunia inautumia siku hizi, uliwekwa wazi mwaka wa 1987 na ile tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway: tutimize mahitaji yetu ya leo bila kuwanyima watakaokuja nafasi ya kutimiza yao. Mkulima anaelewa hiyo haraka, ni kutokula mbegu. Ustahimilivu ulitoka kwingine kabisa. Mtaalamu wa ikolojia wa Canada, C. S. Holling, aliandika mwaka wa 1973 akiangalia misitu na viumbe wake, akauliza ni kishindo cha ukubwa gani msitu unaweza kupata na bado ubaki msitu, usigeuke kitu kingine. Mwaka wa 2015 nchi za dunia zikayaweka yote mawili kwa lile lengo la 11 la maendeleo endelevu, miji iwe jumuishi, salama, stahimilivu na endelevu, na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya makazi iko hapa hapa kwetu Gigiri.

Kwa lugha ya fundi ni hivi. Uendelevu unauliza kama chemchemi itakuwa na maji miaka arobaini kutoka sasa. Ustahimilivu unauliza bomba likipasuka Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi nani atakuwa na maji na nani hatakuwa nayo. Ukijibu la kwanza bado hujajibu la pili.

Niwape mfano niliouona na macho yangu. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, mnakumbuka, stima ilipotea karibu nchi nzima. Kesho yake asubuhi nikaitwa kwa fleti fulani kule upande wa Kilimani, jengo zuri, linauzwa kama jengo la kijani, sola imejaa paa lote. Shida yao ilikuwa ni maji hakuna. Tenki kubwa iko chini ya ardhi na imejaa, nimeifungua nikaona maji mpaka juu, lakini ile ya juu kwa paa ni ndogo na ilikuwa imeisha alfajiri, na pampu haiwezi kuyasukuma juu hakuna stima. Nikamuuliza fundi wa umeme tuliyekuwa naye, sasa hii sola yote ni ya nini, jua si hili limewaka? Akanieleza kwamba sola ikiunganishwa na gridi bila betri, gridi ikizima na yenyewe inajizima, imetengenezwa hivyo ili isirudishe moto kwa nyaya wakati mafundi wako juu ya nguzo wanarekebisha. Basi tukasimama pale juani, sola imemeta, pampu imekufa. Ghorofa ya tisa kulikuwa na mzee aliyetoka kufanyiwa operesheni ya goti majuzi tu, lifti haifanyi, na askari wa geti ndiye alimpandishia mtungi wa lita 20 kwa ngazi, akipumzika kila ghorofa mbili.

Hilo jengo ni endelevu, sibishi. Na nchi yetu pia, karibu asilimia 90 ya umeme wetu unatoka kwa mvuke wa chini ya ardhi wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua, ni nchi chache sana zimefika hapo na mimi hiyo naijivunia kwa dhati. Lakini usiku ule usafi wa umeme haukutusaidia, juu umeme unaweza kuwa safi kabisa na bado njia zake zikawa ni za kuegemeana, moja ikianguka inaanguka na zingine. Na mwaka huo huo giza lilirudi tena Novemba, likarudi Desemba.

Halafu angalia upande wa pili, visima. Mwaka wa 2017 ukame ulipokaza na maji yakaanza kutolewa kwa mgao mtaa kwa mtaa, estate zenye visima hazikusikia kitu. Walikuwa wanaosha magari. Hapo utasema hao ndio wastahimilivu, na kweli kwa siku ile walikuwa. Lakini kuna kisima kimoja nimerudi kwacho mara tatu kushusha pampu chini zaidi, kila mara tunaongeza mabomba kwa sababu maji yameshuka, na jirani yake amechimba chake, na wa ng'ambo ya barabara naye amechimba, wote wananyonya sahani moja. Maji ya chini ya Nairobi yanashuka na watu wa maji wanajua, na kwa visima vingi floraidi ni nyingi mpaka watoto wanapata madoa kwa meno. Kwa hivyo huo ni ustahimilivu wa leo unaokula uendelevu wa kesho, na ni ustahimilivu wa ploti moja, si wa mji. Jenereta za dizeli nazo ni hadithi hiyo hiyo, sirefushi.

Sasa mnaona kwa nini nasema si pacha. Wakati mwingine yanavutana kabisa. Uendelevu unapenda kitu kisizidi, tumia kidogo, tenki ndogo, bomba moja linatosha, usimwage pesa. Ustahimilivu unataka kuwe na ya ziada, bomba la pili ambalo siku nyingi halina kazi, tenki kubwa kuliko mahitaji, uwanja ulioachwa wazi bila kujengwa ili mvua ikija maji yapate pa kukaa. Mtu wa hesabu akiangalia hayo anaona hasara anayafuta kwa bajeti, na mimi nimeona yakifutwa, mteja anakwambia fundi toa hiyo tenki ya pili hatuihitaji. Wahenga walisema akiba haiozi, na wao walikuwa wanaongea juu ya siku mbaya.

Chukua Ndakaini. Hilo bwawa lilikamilika mwaka wa 1994 kule Murang'a na limekuwa likileta zaidi ya asilimia 80 ya maji ya jiji. Mtasema kuna Sasumua, kuna bwawa la Ruiru, sasa kuna lile handaki la Murang'a la karibu kilomita 12, sawa, ni kazi kubwa na nawapongeza walioifanya. Lakini hayo yote yanakunywa mvua ya milima ile ile ya Nyandarua. Mvua ikikosa pale inakosa kwa yote. Kulinda msitu wa Nyandarua usikatwe ni uendelevu na lazima tuufanye, hakuna msitu hakuna maji. Kuwa na maji yasiyotegemea milima hiyo, ya paa zetu wenyewe kwa mfano, hiyo ndio ustahimilivu. Cape Town walifika ukingoni mwaka wa 2018, wakaanza kuhesabu siku ya mifereji ya nyumbani kufungwa, na kitu kikubwa kilichowaokoa ni watu kupunguza matumizi mpaka karibu nusu. Sisi wa Mathare hatuna nusu ya kupunguza. Mtu wa mitungi minne kwa siku na watoto watatu umwambie apunguze nini?

Hapo ndio nataka kurudi kwa shosho.

Dada yangu alikuwa anakaa chini, karibu na mto. Usiku ule wa Aprili 2024 mto Mathare ulipanda haraka sana, watu wamelala. Sisi wa juu tulishtushwa na makelele, tukashuka na tochi za simu. Kile kilichookoa watu pale usiku ule kilikuwa kamba, kamba ya kawaida ya kuanikia nguo, vijana wa base, wale wa kijiwe chetu, waliifunga kwa nguzo moja mpaka kwa ngazi ya jengo la mawe, na watu wakavuka wakiishika, watoto wamebebwa mabegani. Dada yangu alitoka na mtoto wake na begi moja la shule. Wengine hapo Mathare hawakutoka. Asubuhi maji yaliposhuka niliingia nyumba yake, matope mpaka kwa goti, na ukutani kulikuwa na mstari wa udongo umenyooka kama umechorwa na rula. Niliupima na tepu yangu ya kazi. Sentimita 132. Mtoto wake wakati huo alikuwa na urefu wa sentimita mia moja na kitu kidogo.

Kwa hivyo mtu akisimama na projekta akisema watu wa mitaa hii ni wastahimilivu sana, anatusifu, najua, lakini Kiswahili chetu kinamsaliti. Kwetu kustahimili ni kuvumilia, ni kubeba mzigo bila kulia. Kile Holling alikuwa anaongea si uvumilivu wa mtu, ni jinsi kitu chote kimepangwa ili kisivunjike. Ile kamba ilikuwa uvumilivu wetu. Mji wenyewe usiku ule haukuwa na kitu, hakuna king'ora, hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuangalia mto huko juu, hakuna pahali palipotengwa pa kukimbilia. Onyo la mvua kubwa lilikuwa limetolewa, tulilisikia, lakini mvua kubwa Nairobi ni neno pana, halikwambii kwamba saa hii toka kitandani.

Na hayo maji hayakuanza kwetu. Maji hufuata mkondo. Mto Mathare unapita Muthaiga, mtaa wa matajiri, kabla haujafika kwetu. Hili jiji lilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya reli kwa kinamasi, na jina lenyewe ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Sehemu kubwa ya mji tumejenga juu ya udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, halafu juu yake tukaweka lami, simiti na kabro. Nimefanya kazi kwa ploti nyingi huko juu ambazo zamani zilikuwa nyumba moja na bustani, mwembe hapa, nyasi pale, sasa ni fleti mia na parkingi imefunikwa yote. Mvua iliyokuwa inaingia ardhini haina pa kuingia, inakimbia, na inakimbilia chini, na chini ni sisi. Mitaro ile ile ya zamani, na mingine imejaa taka. Kila kibali cha kujenga mnachopitisha huko juu kinaongeza kitu kwa ule mstari wa ukutani kwa dada yangu, hata kama jengo lina sola na taa za kuokoa umeme na limepewa cheti.

Baada ya mafuriko mkaja na amri ya kuacha mita 30 kutoka mtoni, nyumba zikaangushwa, watu wakaambiwa watapewa shilingi 10,000 wahame. Mimi sitetei mtu kujenga mtoni. Maji yanahitaji nafasi yake na ukanda wa mto ukiachwa wazi unafanya kazi zote mbili, unalinda mto kwa ajili ya kesho na unapokea kishindo cha leo, kama vile msitu wa Karura aliotupigania Wangari Maathai mwaka wa 1999 mpaka akapigwa na kuumizwa kichwani. Lakini shilingi 10,000 ni renti ya miezi miwili au mitatu, haiwezi kununua umbali kutoka kwa mto kwa mtu ambaye kazi yake ya kufua iko Eastleigh na anaenda kwa miguu. Dada yangu alihamia wapi? Mto huo huo, chini kidogo. Sasa mkija kupanda miti na kuweka njia za kutembea pale alipotoka, mtakuwa mmepata ukanda mzuri endelevu, na yeye atakuwa mahali pabaya kuliko alipokuwa. Hesabu ya mradi itaonyesha mmefaulu.

Ndio maana naomba kitu kimoja kikubwa. Kila mradi unaopitishwa, barabara, nyumba, soko, bwawa, uulizwe haya maswali mawili kando kando, na majibu yaandikwe kando kando wananchi wasome. La kwanza, hii kitu inakula nini cha watoto wetu? La pili, siku mbaya ikija, stima ikipotea, mto ukipanda, mvua ikikosa miezi minane, nini kinaanguka kwanza na nani amesimama chini yake? Hilo la mwisho, la nani, msiliache. Mkiliacha mtaandika stahimilivu na maana yake itakuwa ni kwamba sisi tutabeba.

Mengine ni ya fundi, hayahitaji mkutano wa kimataifa. Ploti yoyote inayofunika udongo wake na simiti iwe na tenki ya kushika maji ya mvua, kubwa kulingana na paa lake, na inspekta aione kwa macho kabla watu hawajaingia, si kwa karatasi. Hayo maji yatamwagilia, yatasafisha vyoo, kisima kitapumzika, na saa ile mvua inapiga yatachelewa kutufikia. Huko Rotterdam wametengeneza hata viwanja vya kuchezea ambavyo vinageuka mabwawa mvua ikinyesha, watoto wanacheza jua likiwaka, maji yanakaa dhoruba ikija, sisi tuna viwanja vya shule ngapi vinaweza kufanywa hivyo? Sola za zahanati, za shule na za vituo vya maji ziwekwe na betri, hata kama ni paneli chache zaidi kwa pesa ile ile, juu zahanati yenye taa mbili usiku wa giza ni bora kuliko yenye paneli arobaini zilizojizima. Visima vyote viwe na mita, na kina cha maji kitangazwe kila mwaka, tujue tunanyonya kiasi gani.

Na kwa mto, kipimo. Nguzo yenye alama au kifaa cha kisasa, vyovyote, kiwekwe huko juu kabla ya Muthaiga, na kiwe na mtu wa zamu usiku wakati wa mvua, na king'ora kwetu. Hatuhitaji masaa mengi. Nusu saa ingetosha kumtoa kila mtu usiku ule, nimeitembea ile njia mara nyingi tangu siku hiyo nikihesabu dakika.

Kuhusu kuhamisha watu, kule Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda, mlionyesha inawezekana kupanga na wenyewe. Mwaka wa 2017 ilitangazwa eneo maalum la mipango na wakaazi wakajipanga kuanzia nyumba kumi kumi mpaka mtaa mzima, wakasema wanataka barabara ipite wapi na nini kisiguswe. Hakuna mradi usio na kasoro, na huo unazo, lakini watu waliulizwa kabla ya tingatinga. Mathare tuulizwe hivyo. Nyumba zipatikane kwanza, karibu na kazi, za renti ambayo mtu wa kufua ataiweza, ndipo ukanda wa mto uachwe wazi, na zile mita 30 kutoka mtoni ziwe sawa kwa mabati na kwa ghorofa. Mwaka wa 2018 mliangusha majengo makubwa yaliyokaa kwa mito, tukaona kumbe inawezekana. Halafu ikasimama.

Mkiitisha kikao kingine cha maoni, nawaomba msikiweke Jumanne saa nne asubuhi, saa hiyo mafundi wako kazini na akina mama wa kufua wako Eastleigh. Wekeni Jumapili baada ya kanisa, chini kule, karibu na daraja. Mje na ramani ya mto, iwe kubwa ya kuwekwa ukutani watu waione. Mimi nitaleta tepu, na ile nyumba ya dada yangu ilikuwa ya mawe, ukuta wa nyuma bado umesimama na mstari bado uko.